Hatua za Bibi Fatouma

Ijumaa, 14 Februari 2003

Daftari hili nimepewa leo hospitalini na Scholastique, mama wa mazoezi, ambaye wagonjwa wote wanamwita Kine. Si zawadi. Aliangalia sare yangu ya shule akasema, "We unajua kuandika. Kila siku utaandika bibi yako ametembea hatua ngapi, amekaa wapi, na wapi panauma. Unaanza leo, mbele ya kupasuliwa, tujue alitokea wapi. Sitaki hadithi."

Basi: kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua tisa, akiegemea mchi wa kinu. Panauma nyonga ya kushoto, na goti kwa ajili ya nyonga, na moyo kwa ajili ya vyote viwili. Hilo la moyo amelisema Bibi mwenyewe. Niliambiwa niandike panapouma, nimeandika.

Hadithi nitaiandika pia. Daftari lina kurasa tisini na sita, na hatua za Bibi hazitalijaza.

Bibi Fatouma ndiye aliyemzaa Mama. Tunaishi watatu hapa Buyenzi. Yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu, na rafiki yake Bi Hadidja humimina maji. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchuchumaa kando ya kitanda kifupi cha kamba, saa nzima au zaidi, na tangu nikiwa mdogo sijaona mwaka ambao Bibi alipumzika. Mwaka jana alikuwa akirudi nyumbani ameng'ata ncha ya mtandio, na Mama akimkanda kwa maji ya moto.

Daktari Népomuscène amesoma ng'ambo. Waliomfundisha wamempa sanduku lenye nyonga nane: kijiti cha chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja, chenye kichwa cha mviringo, na kikombe ambamo kichwa hicho kinazunguka. Tano zimekwisha wekwa. Ya Bibi ni ya sita, na mbili zilizobaki zina wenyewe.

Bibi amekubali kwa sababu moja. Aliniambia tukirudi, "Nataka goti langu lifike chini tena. Niswali kama mutu, niwaoshe watu wangu."

Jumapili, 16 Februari

Hatua 8. Mvua.

Jumanne, 18 Februari

Amepasuliwa tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita. Mjomba Hamimu, mdogo wake Mama, ametoa damu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma kule kwenye viwanda vya Zone Industrielle, na tulipokuwa tukisubiri kwenye benchi alimuuliza muuguzi chuma chenyewe wanakishikiza na nini. Muuguzi akasema saruji.

"Saruji ya mufuko?"

"Saruji ya mifupa, papa. Inakauka kwa dakika kumi."

"Dakika kumi!" Mjomba akanigeukia. "Na mi nasubirishwa siku saba na watu wa kujenga nyumba."

Bibi hakulazwa usingizi. Alipigwa sindano ya mgongo, akawa macho nyuma ya pazia la kitambaa, akisikia nyundo. Alipotolewa neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilizani Hamimu iko kazini."

Hatua: hakuna.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika nikiwa na hasira.

Kine aliingia wodini asubuhi, akafungua shuka, akamwambia Bibi asimame. Siku ya pili! Mama alikuwa ameleta uji. Aliweka bakuli chini na kusema kwa adabu kwamba yeye anakumbuka jirani aliyevunjika paja, akalala wiki sita mguu umefungiwa mfuko wa mchanga, na alipona.

"Alipona namna gani?" Kine akauliza. "Alitembea?"

Mama akaokota bakuli. Yule jirani hakutembea.

Mjomba Hamimu akasema, "Basi niachie mi nimubebe mama yangu mpaka kwa kiti."

"Ukimubeba leo, papa, utamubeba mpaka afe. Kaa pembeni."

Hakusema pole hata mara moja. Alimshika Bibi chini ya kwapa, akamwonyesha jinsi ya kuteremsha mguu bila kuuzungusha, na Bibi akasimama akitetemeka, jasho likimtoka kwenye nyusi. Hatua 2. Nilimchukia yule mama kwa kila hatua mara moja.

Ijumaa, 21 Februari

Leo Kine ametupa masharti, akanifanya niyarudie mbele yake kama shairi. Asikunje mguu kupita usawa wa kiti. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Asipishanishe miguu. Asigeuze kidole gumba ndani. Alale na mto katikati ya mapaja. Asikae chini, asikae mkekani, asichuchumae.

"Kwa muda gani?" Bibi akauliza.

"Miezi mitatu, hata kidole usisogeze vibaya. Kisha tutaona."

"Na kuchuchumaa?"

Kine alikuwa anakunja taulo. Alilikunja mpaka likaisha kukunjwa. "Kuchuchumaa ni kwisha, nyogokuru," akasema, yaani bibi. " Na kusujudu chini ni kwisha. Utaswali kwa kiti."

Bibi akageuza uso ukutani. Ninaamini daktari alimweleza Bibi mapema, kwa Kifaransa na haraka, na Mama akaitikia ndiyo kwa kila kitu. Sikumlaumu Mama. Alikuwa amepata usingizi wa saa tatu tu usiku wa kuamkia siku ile.

Jumanne, 25 Februari

Hatua 11, kwa fremu ya kutembelea.

Kwenye kitanda cha jirani yupo Nella, msichana wa miaka kumi na tisa. Mfupa wa paja lake ulivunjwa na risasi barabarani, na sasa una vyuma vinne vinavyotoka nje ya ngozi kama vigingi. Bibi alimuuliza Daktari Népomuscène kwa nini chuma chake asipewe huyu mtoto, yeye mzee atakitumia miaka mingapi. Daktari akasema hakimfai. Mfupa wa Nella unataka kuunga, wa Bibi ulikuwa umelika kwisha.

Nella akacheka. "We, bibi, walikuweka chuma ndani kama saa ya bei. Mi waliniweka nje ili wezi waone."

Bibi alicheka pia, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akanituma nimpe Nella nusu ya wali wetu.

Jumamosi, 1 Machi

Tumerudi nyumbani. Mjomba amefanya kazi siku tatu. Kitanda cha Bibi kimepandishwa juu ya matofali. Fremu ya kutembelea ameiunga kwa mabomba ya maji, nyepesi kuliko ile ya hospitali. Chooni ameweka kiti cha chuma chenye tundu. Na kubwa kuliko vyote, ameunda kiti kirefu cha kukalia, chenye mikono na mgongo ulionyooka, akakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu.

Bi Hadidja alikuja kutazama. Ni mnene, miguu yake huvimba, na ulimi wake haujawahi kuugua. Alikizunguka kile kiti mara mbili.

"Fatouma! Umekuwa jaji? Tulete kesi?"

"Leta yako ya kwanza, Hadidja. Wizi wa sukari yangu."

"Sukari ilikuwa ya mwaka tisini na moja! Hata serikali ilishasamehe."

Hatua 19, kutoka garini hadi kitandani.

Jumatatu, 3 Machi

Hatua 22. Shuleni nilisinzia wakati wa hesabu.

Jumatano, 5 Machi

Hatua 22. Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Ustadhi Mohamadi, aliyenifundisha madrasa, amekuja kumwambia Bibi kwamba swala ya mgonjwa kwenye kiti ni swala kamili, na kwamba Mungu hatuhukumu kwa magoti. Bibi akaitikia, "Ndiyo, Ustadhi." Alipoondoka akaniambia, "Ye anasujudu. Ni rahisi kusema."

Kine huja kila Jumanne na Ijumaa. Anapima kwa macho urefu wa kiti na goti, ananyanyua mguu wa Bibi mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya kisigino, na ananifundisha mimi kufanya vilevile. "Usivute. Beba. Mguu si kamba." Hatua 30.

Jumanne, 11 Machi

Hatua 34.

Jumapili, 16 Machi

Jana nilifanya kosa. Nitaliandika lote.

Mke wa muoka mikate wa avenyu ya tisa alifariki kwa homa. Wengine walimwosha, na Bibi hakulala kwa sababu hiyo. Jana mchana akasema lazima aende kuwapa pole. Mama alikuwa sokoni. Nilikubali, kwa sharti kwamba tuende na kiti. Nikakibeba kichwani, Bibi nyuma yangu na fremu, hatua 61 hadi kwenye gari la jirani na hatua 24 kutoka garini. Nilijivuna. Niliwaza nitakavyomwonyesha Kine zile namba.

Ndani, wanawake wote walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, kama inavyokuwa kwa mfiwa. Hakuna anayekaa juu ya mtu anayelia. Bibi akakaa kwenye kiti chake kirefu cha kijani, katikati ya vichwa vilivyoinama, na niliona anavyokaza mtandio usoni. Mama wa marehemu alilazimika kuinua shingo ili ampe mkono.

Kisha akaingia Bi Hadidja. Alikuwa ametembea kwenye matope, miguu imevimba, anapumua kama mtu aliyepanda mlima wa Kiriri. Ukutani hapakuwa na nafasi ya kuegemea. Akasimama mlangoni, akishika fremu ya mlango.

"Houda," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mupe Hadidja kiti."

Nimelelewa hivi: mkubwa akisimama, mdogo hangoji kuambiwa, na bibi akisema, mjukuu haulizi. Masharti ya Kine niliyajua yote kwa kichwa. Nilifungua kinywa na kilichotoka ni, "Ndiyo, Bibi."

Nilimsaidia kusimama. Nikabeba kiti hadi mlangoni. Bi Hadidja alikataa mara mbili, kama inavyotakiwa, na mara ya tatu akakubali, kama inavyotakiwa. Nilipogeuka, Bibi alikuwa tayari chini mkekani, miguu imekunjwa upande, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijaiona tangu mwaka juzi. Alikaa hivyo muda wote wa dua. Niliomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwamo kwenye dua ile.

Alipotaka kuinuka, nyonga ikatoka. Nilisikia sauti kama kizibo cha chupa. Hakupiga kelele. Aliinama mbele, mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia, kidole gumba kimegeukia ndani, vilevile Kine alivyotuonya.

Bi Hadidja alisimama kutoka kwenye kile kiti akawa anakipiga kwa kiatu.

Jumatatu, 17 Machi

Wameirudisha bila kufungua. Walimlaza usingizi, Daktari Népomuscène akapanda juu ya meza kwa magoti, msaidizi akashika kiuno, wakavuta. Alitoka shati limelowa.

Alituita sisi watatu, Mama, Mjomba na mimi. Alisema pole pole, kwa Kiswahili safari hii. Nyonga ikizoea kutoka, itatoka hata mtu akipiga chafya. Ikitoka tena, huenda kikombe kikalegea. Hapo itabidi afungue, na hana nyingine ya kuweka. Zile mbili za mwisho zimekwenda. Ataitoa ya chuma na kuacha pale mahali patupu. Mguu utakuwa mfupi kwa kiganja kizima, na Bibi hatatembea tena bila kushikwa.

"Nani alikuwa na yeye?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Kine alikuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, akasoma ukurasa wa jana akiwa amesimama. Akanirudishia. "Umeandika hatua themanini na tano," akasema. "Ni nyingi sana kwa mara moja." Basi, akaondoka. Heri angenipiga.

Jumatano, 26 Machi

Nyumbani. Wiki tatu za kitanda, mto mkubwa umefungwa kati ya miguu kwa mikanda. Hatua hakuna.

Jumamosi, 29 Machi

Hakuna. Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu Callixte ameniita baada ya somo la biolojia. Nimepata tisa kwa ishirini. Aliuliza kama nimeacha kusoma. Nilimwambia kuhusu Bibi, na yeye, badala ya kunihurumia, alichora ubaoni nyonga nzima pamoja na misuli yote, akaniambia ninakili. Kwenye mchoro wake niliona jinsi ilivyo rahisi. Kichwa kinashikwa na kikombe, lakini hakikazwi na kitu isipokuwa nyama zilizokizunguka, na hizo zikichoka kinatoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Bi Hadidja amekuja kila siku tangu Bibi arudi. Hasemi habari ya kiti. Leo alitandika mkeka karibu na kitanda, akajilaza chali kwa tabu, na nilipoanza kumfanyisha Bibi mazoezi, naye akainua mguu wake.

"We unafanya nini?" Bibi akauliza.

"Nafanya kama we. Hesabu, mutoto."

"Hadidja, utapasuka."

"Nikipasuka utaniosha. Hesabu!"

Nikahesabu. Walifika kumi. Bi Hadidja hakuweza kuinuka mkekani, na ilibidi nimwite Mama tumwinue wawili, na Bibi alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya nyonga.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna. Mazoezi ishirini na tano, wote wawili.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilimuuliza Bibi kwa nini haachii wengine kazi ya kuosha. Nilitegemea atanikemea. Alisema binti yake mdogo, mama mdogo wangu ambaye simkumbuki, aliuawa mwaka tisini na tano, na walipofika walikuta amekwisha fukiwa pamoja na wengine, na nguo alizovaa, na udongo usoni. "Tangu siku ile," akasema, "kila mwanamuke nikimwosha, namwosha uso kwanza kwa mukono wangu, mbele ya yote. Si sheria. Ni mimi tu."

Nilikuwa nikifikiri ni mkaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Kine amekuja leo badala ya jana, ameruhusu kusimama. Hatua 5. Kwa Bibi ni kama kuanza Februari upya. Kine akamwambia Bibi, bila kunitazama, "Huyu mutoto anabeba mguu vizuri."

Ijumaa, 18 Aprili

Jana jioni mabomu yalianza kurushwa na waasi kutoka milimani. Yanapita juu yetu yakilia, kisha tunangoja. Mama amelala chini, mimi nimelala chini, Bibi yuko juu ya kitanda chake cha matofali kwa sababu hawezi kulala chini. Alisema, "Leo mi ndiye karibu na Mungu." Hakuna aliyecheka.

Shule imefungwa. Leo ni siku ya Kine lakini hakuja. Anakaa Ruziba, na barabara ya kusini imekatwa.

Hatua 6, asubuhi yalipotulia.

Jumapili, 20 Aprili

Bi Hadidja amekufa jana.

Hakupigwa na bomu. Alfajiri ya jana bomu moja lilianguka mbali, upande wa bandari, na mkwewe, mke wa mwanawe, alipokwenda kumtazama alimkuta amekaa kitandani, mkono kifuani, hajibu. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Gari la kumpeleka hospitali halikupatikana. Hakuna dereva aliyekubali.

Wakaja kwetu saa mbili. Mwoshaji mwingine anakaa Kinama, na hakuna anayevuka. Wanaume walisema mazishi yafanyike kabla ya adhuhuri, kabla mabomu hayajarudi. Mkwewe alisimama uani, akamtazama Bibi, akatazama fremu. Bibi akasema, "Nakuja."

Kwao ni nyumba ya nne kutoka kwetu. Hatua 73. Tulipumzika mara tano. Mimi nilibeba kiti kichwani.

Kitanda cha kamba kilikuwa tayari chumba cha nyuma, na shimo la maji limechimbwa chini yake. Bi Hadidja amefunikwa kanga. Kulikuwa na wanawake watatu wa nyumbani kwake, wote wanalia, hakuna ajuaye kuosha. Niliweka kiti kando ya kitanda. Bibi hakukitazama. Alisukuma fremu pembeni, akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kulia, akapeleka mguu wa kushoto nyuma, akaanza kushuka.

Niliiona nyumba ya muoka mikate. Niliuona ule mkeka. Nikaingia kati yake na kitanda.

"Apana, Bibi."

Wanawake wakageuka kututazama.

"Unasema nini?"

"Nasema apana. Usishuke. Kaa kwa kiti."

"We mutoto, ni Hadidja huyu! Nilimwambia nitamwosha mi! Toka!"

"Sitoki." Machozi yalikuwa yananidondokea midomoni. "Ukishuka hutapanda tena, Bibi. Hakuna nyingine. Daktari alisema hakuna nyingine. Nilikupa mkeka mara moja, sitakupa mara ya pili. Kaa, uniambie. Mi nitainama."

Alinitazama. Jicho lake lilikuwa kali kama ninavyolijua, kisha likachoka. Sijui nieleze vipi. Niliona ghafla kwamba ni mzee, na kwamba alikuwa akingoja miaka mingi mtu amkatalie.

Akakaa.

"Jifunge kitambaa mukono wa kushoto," akasema. "Sema Bismillahi."

Nikachuchumaa. Mkwe wa Bi Hadidja akamimina maji. Bibi alinielekeza neno kwa neno. Kufinya tumbo taratibu. Kusafisha chini ya kanga bila kutazama. Nilipotaka kuanza kumtawadha, nikakumbuka, nikauliza, "Uso kwanza?"

Bibi akashika mikono ya kiti. "Ndiyo. Uso kwanza. Kwa mukono wako, bila kitambaa."

Nikamwosha Bi Hadidja uso. Ulikuwa baridi na laini, na kwenye kona ya mdomo kulikuwa bado na ule mkunjo wa mtu anayetaka kusema neno baya la kuchekesha.

"Usimwangalie kama maiti," Bibi akasema. "Mwangalie kama Hadidja."

Tukaosha kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Ilipofika miguu, nilipitisha mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya kisigino, nikauinua bila kuvuta, bila kuzungusha, nikauosha na kuulaza pole pole. Kisha wa pili.

"Nani amekufundisha kushika mguu vile?" Bibi akauliza.

"Kine."

Bibi akatazama mikono yake. "Mi sikujua kushika vile," akasema. "Miaka thelathini, nimewavuta."

Mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Tukamkausha, tukamvisha sanda. Wanaume wakaja na jeneza, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuzikwa, ameoshwa.

Mapaja yangu yaliuma kwa kuchuchumaa hata sikuweza kusimama. Bibi aliniuliza kutoka kwenye kiti, "Panauma wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Andika."

Kurudi: hatua 73.

Jumatano, 23 Aprili

Hatua 12. Amechoka sana, nami pia. Mabomu mawili mchana.

Ijumaa, 25 Aprili

Kine amekuja. Ametembea kutoka Ruziba akipita kando ya ziwa, ametoka saa kumi na moja asubuhi. Alibeba viatu mkononi na nyayo zake zilikuwa zimechanika. Kabla ya kuomba maji alimlaza Bibi na kupima miguu yote miwili. Inalingana.

Akaomba daftari. Alikaa kwenye kiti cha kijani akasoma kurasa zote za Jumapili, midomo ikitembea kidogo. Mama alimletea maji, akayashika bila kuyanywa.

"Alikaa muda gani kwa kiti?"

"Saa moja na nusu."

"Goti lilikuwa chini ya nyonga?"

"Lilikuwa chini."

Akafunga daftari. "Nilikuambia sitaki hadithi," akasema, kisha akalifungua tena mahali palepale. Alipokwisha alinishika bega. "Ihangane, Houda." Ndilo neno tunalompa mfiwa. Miezi miwili sikuwahi kumsikia akilisema, si kwangu wala kwa mgonjwa yeyote. Nikamletea beseni, nikamwosha nyayo, naye aliniachia.

Jumamosi, 3 Mei

Hatua 40. Shule imefunguliwa.

Jumanne, 13 Mei

Hatua 96. Picha ya mfupa ni nzuri. Daktari Népomuscène amesema chuma kimetulia.

Jumapili, 18 Mei

Hatua 130, kwa gongo moja. Mvua haijanyesha siku sita, na ile njia ya matope imekuwa vumbi.

Jumamosi, 24 Mei

Hatua 212, hadi mlango wa msikiti na kurudi. Bibi aliswali adhuhuri kwa kiti, bila kulalamika, ila alipoketi aligusa ardhi kwa ncha ya gongo mahali ambapo paji lake lingefika.

Mchana alikuja mwanamke kutoka avenyu ya ishirini, amefiwa na dada yake. Kila mtu anajua sasa kwamba tunakwenda kuosha wawili. Bibi akachukua mtandio. Nimeacha kitabu cha biolojia wazi mezani. Mtihani ni Jumatatu.

"Ni mbali," Mama akasema. "Chukueni tu kiti chao, huko."

"Cha kwao ni kifupi," nikasema. "Nitabeba chetu."